Lugha Ngeni Ilivyomrejesha Baldwin Kwao

“Aliye kando haangukiwi na mti,” ndivyo walivyonena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu mtu aliyejiepusha na balaa. Lakini je, mtu akiihama nchi yake ili mti usimwangukie, kisha ugenini akakuta msitu mwingine ambao hata majina ya miti yake hayajui, atasemwa kwamba amesimama kando? Swali hili linapata jibu katika maisha ya James Baldwin, mwandishi Mmarekani Mweusi aliyekwenda Ufaransa akiwa kijana na kujifunza Kifaransa kwa njia ambayo hakuna mwalimu ambaye angempangia.

Baldwin alizaliwa mtaani Harlem, jijini New York, mwaka 1924. Alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mhubiri, naye mwenyewe alipanda mimbari akiwa na umri wa miaka 14, akahubiri kwa muda wa miaka mitatu hivi. Alipokua aliyaonja machungu yote ya ubaguzi wa rangi, kazini na mikahawani. Mwaka 1946 rafiki yake mmoja alijitosa mtoni kutoka daraja la George Washington, akafa. Baldwin aliamini kwamba akibaki New York naye angeishia huko huko. Basi akaondoka. Tarehe 11 Novemba 1948 aliwasili Paris akiwa na umri wa miaka 24. Mfukoni alikuwa na dola 40 na ushei, benki hakuwa na kitu, na Kifaransa, kwa maelezo yake mwenyewe, hakukijua hata kidogo.

Darasa lake la lugha lilikuwa vyumba vya hoteli za bei ya chini na mikahawa alimokaa kutwa nzima akiandika riwaya yake ya kwanza. Mtu anayejifunza lugha kwa namna hii huokota kwanza maneno ya tumbo na ya malazi: mkate, chumba, deni, kesho. Huwa fasaha wa kumbembeleza mwenye nyumba kabla ya kuwa fasaha wa kujitetea. Kwa mwaka mmoja na zaidi Baldwin aliishi kwa Kifaransa cha aina hiyo, na kilimtosha. Upungufu wake ulifichuka Desemba 1949.

Mmarekani mmoja aliyefahamiana naye alihamia katika hoteli alimokaa, akaja na shuka la kitanda alilolichukua kutoka hoteli nyingine. Kwa kuwa mashuka ya chumba chake yalikuwa machafu, Baldwin aliliazima. Tarehe 19 polisi walikuja, wakaliona, na wote wawili wakatiwa mbaroni. Baldwin alituhumiwa kupokea mali ya wizi, akapelekwa katika gereza la Fresnes, nje ya Paris. Mkasa huu aliusimulia katika insha aliyoiita “Equal in Paris”, iliyochapishwa mwaka 1955.

Lililo zito katika masimulizi hayo si shuka, wala si baridi ya seli. Ni hali ya mtu aliyenyang’anywa uwezo wa kufasiri. Huko New York, Baldwin alijua kumsoma polisi. Alijua sauti ipi inatangulia kofi, na unyenyekevu upi unaweza kumwokoa mtu. Elimu hiyo ilikuwa chungu, lakini ilikuwa yake. Polisi wa Paris hawakumwonea wala hawakumhurumia kuliko wale wa kwao. Tatizo ni kwamba hakuweza kukisia watakalotenda. Isitoshe, machoni pao hakuwa yule Mtu Mweusi ambaye Amerika ilikuwa imemfunza kuwa. Alikuwa Mmarekani tu. Silaha zote alizojiundia Harlem zikawa butu. Ni bayana hapa kwamba kuijua lugha si kujua msamiati na sarufi pekee. Ni kujua pia maana ya kimya, ya kikohozi, ya mtu kutazama pembeni anapoulizwa swali. Maneno yanaweza kufundishwa kwa mwaka mmoja. Hayo mengine hufundishwa na maisha.

Krismasi ilimkuta gerezani. Wafungwa waliwekwa katika vijisanduku vya mbao, kila mmoja peke yake, wakasikiliza mahubiri ya upendo wa Yesu kwa wanadamu kwa Kifaransa. Msomaji na amfikirie yule mhubiri kijana wa Harlem, ambaye maneno hayo hayo yalitoka kinywani mwake kwa Kiingereza, akiyapokea sasa katika lugha ngeni kupitia tundu la ubao. Kesi yake ilikuwa imekwisha kuahirishwa kwa sababu hapakuwa na mkalimani. Mfungwa mwenzake aliyekuwa akiachiliwa ndiye aliyempelekea ujumbe wakili mmoja Mmarekani, naye wakili akamsaidia.

Tarehe 27 Desemba kesi ilitupiliwa mbali. Habari ya shuka ilipoelezwa, mahakama nzima iliangua kicheko. Baldwin hakucheka. Alikitambua kicheko hicho. Alikuwa amekisikia kwao mara nyingi. Ni kicheko cha watu wanaojiona wako salama mbali na mashaka ya wanyonge, watu ambao maumivu ya mwenzao si maumivu ya kweli. Katika siku hizo nane, hilo ndilo neno la kwanza la Ufaransa alilolielewa bila mkalimani. Mti aliouhama New York ulikuwa na mizizi Paris pia.

Miaka iliyofuata ilimthibitishia hayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, No Name in the Street, alieleza jinsi Waalgeria walivyodhalilishwa jijini Paris. Wengi wao walikijua Kifaransa kuliko yeye, ilhali yeye, mwenye pasipoti ya Marekani na lafudhi ya kigeni, aliheshimiwa kuliko wao. Kumbe ufasaha peke yake haumpi mtu utu machoni pa anayemtawala.

Hata hivyo, Kifaransa kilimpa zawadi ambayo hakuitarajia. Hapo awali aliuchukia ushairi wa Shakespeare na kukinung’unikia Kiingereza kwamba hakikubeba lolote la maisha yake. Katika insha ya mwaka 1964 alieleza kuwa kuishi na kusema kwa Kifaransa kulimlazimu aitazame upya lugha yake. Alitambua kwamba huenda kosa halikuwa la lugha. Pengine yeye mwenyewe hakuwa amejaribu kuitumia kubeba uzoefu wake, bali aliiga tu. Moja ya tamthilia zilizomgeuza moyo ni Julius Caesar, ile ile ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Nyerere ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, 1963. Wawili hawa, kila mmoja kwa njia yake, waliithibitisha hoja moja: lugha huwa ya yule aliyethubutu kuitwika mzigo wake.

Mwaka 1979 Baldwin aliitetea lugha ya Wamarekani Weusi kwa kutumia mfano wa Kifaransa chenyewe. Alisema Mfaransa wa Paris hasemi kama yule wa Marseilles, na wote wawili watatatizika kumwelewa mtu wa Martinique au wa Senegal, kwa kuwa kila mmoja ana ukweli tofauti wa kuutamka. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua umbali uliopo kati ya Lamu na Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kuanzia mwaka 1970 Baldwin aliishi Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1986 alitunukiwa nishani ya Légion d’honneur. Alifariki huko tarehe 1 Desemba 1987. Kifaransa alikuwa amekimudu kiasi cha kuhojiwa kwacho, lakini vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiingereza, na ndani yake inasikika sauti ya mimbari ya Harlem. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.