Miezi Mitatu Katika Kamio

Vijana wengi wa parokia yetu wanakuja kutuuliza habari za kazi ya ushofere. Wanaona kamio zinapita usiku na mchana katika njia ya Kolwezi na Lubumbashi, wanamwona shofere ameketi juu kama mfalme, nao wanasema: « Mwalimu, wewe uliingia katika kampuni ile kubwa. Utuambie, wanafundisha nini mle? » Mara nyingi tumewajibu kwa maneno machache. Leo tutaandika yote, hata lile tusilopenda kulisema.

Ilikuwa mwaka wa 2022, baada ya Pasaka. Kazi ya katekista hailishi watoto wanne, na Padri mwenyewe alituruhusu kwenda kutafuta. Permi tulikuwa nayo, maana kwa miaka mingi tuliendesha kamio ndogo ya misioni, tukipeleka saruji na mahindi. Tulidhani tunajua kazi.

Kampuni ilituchukua watu wanane. Wiki ya kwanza hatukugusa usukani hata kidogo. Walitupima macho na nguvu ya damu, kisha wakatuketisha darasani, watu wazima wenye mvi, tukaandika kama watoto wa shule. Walitufundisha habari ya asidi, ambayo kamio zinapeleka kwenye migodi ili kutoa shaba katika mawe. Walitukumbusha mwezi wa Februari 2019, kamio ya asidi ilipogongana na basi katika kijiji cha Kabwe, kandokando ya njia hii yetu, na watu wasiopungua 18 wakafa. Mwalimu alipomaliza kusimulia, wale waliokuwa wakipigana mizaha nyuma ya darasa walinyamaza.

Wiki ya pili tulipelekwa uwanjani kurudisha remoke nyuma. Ndugu, jambo hili linavunja kiburi cha mtu. Ukitaka remoke iende kushoto, unazungusha usukani kuume. Akili inasema hivi, mikono inapaswa kufanya vile. Wote wanane tuliangusha mapipa. Mwenzetu mmoja, aliyeendesha mabasi miaka kumi na miwili, alilia mbele yetu, na kesho yake hakurudi. Tulimhurumia. Halafu tukaona haya, kwa sababu ndani ya moyo tulifurahi kidogo kwamba tumebaki saba.

Tulijifunza pia kungoja. Freni za kamio kubwa zinafanya kazi kwa hewa. Hewa ikikosekana, springi zenye nguvu zinabana magurudumu, na kamio haiendi. Basi asubuhi shofere anawasha mashine, anangoja sindano ya hewa ipande, na wakati ule anaizunguka kamio yake: anapiga mapine kwa chuma na kusikiliza sauti, anatazama taa, anashika minyororo. Sisi tulizoea kusali fumbo moja la Rozari mpaka hewa itoshe.

Tena watu wengi wanafikiri kamio ya shaba inajaa hadi juu. Sivyo. Shaba ina uzito karibu mara tisa kuliko maji. Tani 30 na zaidi zinalala chini katika remoke, na ukitazama kwa mbali utasema haina kitu. Mzigo huu zamani ulikuwa wa reli. Gari la moshi lilifika Elisabethville mwaka wa 1910. Njia ya Lobito ilikatwa na vita ya Angola tangu mwaka wa 1975, reli yetu nayo ikazeeka, na shaba ikahamia barabarani. Ndiyo maana vijana wetu wanaota kamio.

Mwezi wa pili kila mmoja alikabidhiwa kwa mzee wa njia. Ni yeye anayeandika katika kitabu kama unafaa au hufai, na bila sahihi yake huna kazi. Wetu sisi alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, Mkristu wa misioni ya jirani, mwenye sanamu ya Mtakatifu Kristofa mbele ya kioo. Jina lake hatutalitaja.

Kamio zile zilitengenezwa kwa nchi za kusini, ambako watu wanapita kushoto, na usukani uko kuume. Kwetu Kongo tunapita kuume. Kwa hiyo shofere akitaka kupita kamio iliyo mbele yake, haoni njia. Anayeona ni yule aliyeketi kushoto, ndiye mwanafunzi. Mzee alikuwa akiuliza: « Mwalimu, njia iko wazi? » Ukisema iko wazi, naye anaamini, anaingia. Siku ya kwanza tulikawia kujibu hata kamio ya mbele ikafika kwake. Mzee hakukasirika. Alisema: « Vema. Afadhali ukawie. »

Alikuwa na mguu mwepesi kuliko watu wote tuliowaona. Katika vilima vya karibu na Likasi alitufundisha kuchagua vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko, na kuacha mashine yenyewe izuie uzito. « Freni ni ya kusimamia, si ya kushukia. » Siku moja sisi tulikuwa kwenye usukani, tukaogopa, tukakanyaga freni na kuishikilia, hata harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye aliweka mkono juu ya goti letu, akasema polepole: « Papasa tu, uache. Papasa, uache. » Tulifika chini salama. Tunaamini kwamba uhai wetu wa leo tumeupata kwa mkono ule.

Sasa lile lingine.

Kampuni ilitoa mazuti kwa kipimo, safari kwa safari. Shofere mwenye mguu mzito aliimaliza yote. Mzee wetu alibakiza. Usiku mmoja, tukiwa katika msururu wa kungoja mpaka wa Kasumbalesa, walikuja vijana wawili na mabidoni. Mzee alitupa mpira. Tulisimama tu. Akasema: « Mwalimu, walinipa lita za kufika. Nimefika. Hizi zimebaki. Nani amezibakiza? Mguu wangu. »

Amri ya saba tulijifunza seminarini, tukaifundisha watoto miaka kumi. Jibu tulilijua. Lakini kitabu chenye sahihi kilikuwa chini ya kiti chake, na watoto wanne walikuwa nyumbani. Tukajibu: « Ndiyo, Papa. » Tulivuta mpira kwa kinywa chetu wenyewe. Alitupa dola 20. Ladha ya mazuti haikutoka siku mbili, na Jumapili ile hatukupokea Komunyo. Hata hivyo tulivuta tena mara mbili kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Mzee akaandika: Anafaa.

Tuliendesha kamio yetu wenyewe miezi mitano. Kisha tukaungama, na Padri akasema tuirudishe pesa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Padri hakutudai mara nne, alidai dola 60 tu. Tulizipeleka biro. Karani akauliza ni pesa ya nini. Tukasema ni ya mazuti. Alifungua hesabu zake, akatafuta, akasema: « Hapa hakuna mazuti iliyopotea. Kila safari imetimia. Nitaiandika wapi pesa hii? » Akamwita mkubwa wake. Mkubwa aliuliza neno moja tu: « Ulikuwa na nani? »

Hatukujibu. Aliuliza mara tatu, hatukujibu. Walituambia twende kungoja nyumbani, watatuita. Tunangoja hata leo. Zile dola 60 hawakuzipokea. Ziliingia katika sanduku la maskini wa parokia.

Kuhusu kunyamaza kwetu, tuliwauliza Mapadri wawili. Mmoja alisema tulifanya vema kuungama dhambi yetu na kuacha ya mwenzetu. Mwingine alitutazama kitambo, akauliza kama mzee yule bado anafundisha.

Bado anafundisha. Akipita mbele ya misioni anapiga honi mara mbili, nasi tukiwa darasani na watoto tunamtambua kabla ya kumwona. Mwezi uliopita tulitoka mlangoni kumsalimu. Alipunguza mwendo kwa mguu wake ule mwepesi, akainua mkono. Kushoto kwake alikuwa ameketi kijana mmoja tuliyemtayarisha kwa Komunyo ya kwanza, ametoa macho mbele kwa bidii, akimtazamia njia.