Bati Linapolia Usiku

Ndugu zetu vijana, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, leo tunaleta kisa cha nyumba moja hapa Kyangwali, Uganda. Sisi ndio tulioijenga, kwa hiyo kosa ni letu pia.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018, tukitoka Ituri. Tulianza chini ya turubai, zile za mita 4 kwa 5. Nani amesahau? Mchana linalegea kwa joto, maji ya mvua yanajaa katikati kama beseni. Usiku baridi inalivuta, na pale penye msumari linachanika. Kwa hiyo Koko mmoja, mjane anayelea wajukuu watatu, alipopewa mabati na miti, tulifurahi kama tumepewa sisi. Kikundi chetu kikajitolea kujenga. Miti ilikuja mibichi, imekatwa juzi tu, bado inatoa maji. Mvua ilikuwa karibu. Tukapiga misumari siku mbili, tukapiga picha, tukaenda zetu.

Baada ya miezi mitatu Koko akatuita.

"Batoto, usiku bantu banatupa majiwe juu ya nyumba yangu."

Tukazunguka nyumba, hatukuona jiwe hata moja. Tukamwambia, "Koko, ni mawazo tu." Mmoja wetu akasema pembeni kwamba labda apelekwe kwa washauri wa afya ya akili. Ndipo mjukuu mdogo akatuambia kwamba siku hizi wao wanalala na viatu. Tukanyamaza. Sote tunajua kwa nini mtoto wa Ituri analala na viatu.

Usiku ule wawili wetu walilala pale. Jua lilipozama tu, ta! Kimya. Halafu ta! ta! Walitoka na tochi mbio, hakuna mtu. Wakarudi ndani, lakini usingizi haukuja tena.

Asubuhi tukaita fundi mzee wa jirani. Akapanda juu, akashika msumari kwa vidole viwili, ukatoka.

"Mulipigilia mti wenye maji," akasema.

Akatueleza. Mti mbichi ukikauka unakonda na kujipinda, msumari unapoteza mshiko. Boriti yetu moja ilikuwa imejiinua, kati yake na ukuta mkono unaingia mzima. Bati nalo halitulii. Bati la mita 3 likipata joto linarefuka, likipoa linarudi. Ni kidogo sana, kama milimita 1 na nusu kwa tofauti ya nyuzi 40. Lakini likikwama kwenye msumari halafu likaachia ghafla, linapiga kelele. Hayo ndiyo yalikuwa mawe ya Koko.

Kelele yenyewe haiui mtu. Hatari ni kule kulegea, maana upepo unaotangulia mvua ungeweza kubeba paa lote watoto wakiwa ndani. Koko alikuwa na haki ya kuogopa, na sisi tuliita ni mawazo.

Jumamosi tukarudi na nyundo. Kwanza tulimwomba Koko msamaha. Miti iliyojipinda tukaweka mikavu. Misumari tuliyokuwa tumepiga bondeni mwa bati, ambako maji hupita, tukaing'oa, matundu tukaziba, tukapiga mipya kwenye mgongo. Chini ya kila kichwa cha msumari tukaweka kipande cha kandambili mbovu: mpira unazuia maji, tena unaliachia bati nafasi ya kusogea. Boriti tukazifunga kwenye nguzo kwa waya. Pengo la ukuta tukajaza udongo.

Jioni tukakaa na watoto kungoja. Ikasikika ta moja, ndogo. Mjukuu mdogo akaangalia juu, akasema, "Bati inaenda kulala."

Sasa wawili wanaacha viatu mlangoni. Yule mkubwa bado analala navyo. Hatumlazimishi.

Kwa mashirika tuko na ombi. Mkiweza, leteni miti mapema, ikauke kivulini. Hata miezi miwili ni afadhali kuliko siku mbili. Na baada ya miezi mitatu rudini na nyundo, si na karatasi ya kusaini tu. Mkikabidhi nyumba ya mabati kwa mtu aliyekimbia vita, mwambieni kabisa kwamba usiku italia, na kwa nini.

Na sisi vijana, mzee akituambia anasikia kitu usiku, tupande kwanza juu tuangalie. Maneno ya "ni mawazo tu" yangoje kwanza.

Kama kwenu paa linacheza, tuambieni. Nyundo tuko nazo, na kandambili mbovu hazikosi.