Filamu Moja, Picha 36: Safari Yetu ya Miomboni

Mwezi uliopita wengine walituuliza mbona tuliahidi habari za msitu na hatukuzileta. Hizi hapa. Zimechelewa kwa sababu picha zenyewe zilichelewa, na mkisoma mpaka chini mtaelewa.

Mwezi wa tisa 2024 tulipata kitu ambacho wengi wetu tulidhani kimekwisha duniani: filamu ya kamera. Ile ya kuviringisha, ndani ya kopo lake dogo, ya picha nyeusi na nyeupe. Ilitumwa na kijana wa mzee mmoja wa zoni yetu, kijana aliyehamia Marekani, pamoja na pakiti mbili za dawa za kusafishia. Mzee mwenyewe alikuwa na studio ndogo kule Uvira kabla ya vita ya 1996. Alipokimbia aliacha kila kitu isipokuwa kamera yake, Pentax K1000, ambayo aliifunga ndani ya kitenge cha mke wake akavuka nayo ziwa. Tangu Nyarugusu ifunguliwe mwaka ule wa 1996 kamera imelala juu ya kabati. Watoto wake walizoea kuiona kama mnavyoona saa iliyosimama.

Filamu ilikuwa Ilford HP5 Plus, ya ISO 400. Kampuni hiyo ni ya Waingereza, ilianzishwa 1879 na bwana Alfred Harman katika mji wa Ilford karibu na London, na filamu hii ilianza kuuzwa 1989. Bado inatengenezwa mpaka leo, ndiyo maana haikuwa imeharibika. Picha 36, basi. Ukishamaliza, umemaliza.

Ubishi ulianza hapohapo. Vijana walitaka tupige timu ya mpira. Akina mama walitaka picha za watoto. Mzee akasema simu zenu zinapiga watoto kutwa nzima, filamu hii twende nayo porini, tukaone kama bado inajua kazi. Tulimcheka kidogo. Lakini mama mmoja jirani yake akasimama upande wake, na yeye alikuwa na sababu. Familia yake ilikuwa imepewa tarehe ya kusafiri kwenda Marekani, mwanzoni mwa 2025. Miaka yote hii amekuwa akifuata kuni upande uleule wa msitu, na kuna mti mmoja alikuwa akipumzika chini yake kila mara kabla ya kurudi. Akasema, "Picha za watoto ninazo. Ule mti sina."

Hatukuwa na la kujibu. Tukaenda na mti.

Tulikuwa watu sita: mzee, mama huyo na dada yake, vijana wawili, na mwandishi mwenzetu mmoja. Mnajua sheria, mkimbizi hapaswi kuvuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo tulipanga safari ndani ya hizo nne, na tukaaga kwa kiongozi wa kijiji. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee alisisitiza mapema. Alisema jua la saa sita porini linaharibu picha kuliko giza, nasi tulidhani ni maneno ya mtu asiyependa kutembea kwenye joto.

Kipande cha kwanza cha njia hakina msitu. Kuna visiki, na machipukizi yanayoota pembeni ya visiki, mengine yamefika kiunoni. Mama zetu waliofika 1996 wanakumbuka miti ikiwa imesogea mpaka nyuma ya nyumba. Sasa unatembea kwanza, unatembea tena, ndiyo unaanza kuona vigogo vizima. Tulikutana na wanawake wanarudi na mizigo, saba kwa pamoja, wa mbele akiangalia njia na wa nyuma akiangalia nyuma. Kwa nini wanatembea saba, hatuna haja ya kuwaeleza ninyi. Mzee alishusha kamera mpaka walipopita. Mtu hapigwi picha akiwa amebeba mzigo na ana hofu, alisema, labda yeye mwenyewe aombe.

Kisha miombo ikaanza. Ambao hamjaenda huko mwishoni mwa mwezi wa tisa, mmekosa jambo. Mvua bado, ardhi imekauka inapasuka, majani ya zamani yamedondoka, moto wa kiangazi umepita umeacha majivu. Halafu miti yenyewe, kabla tone la kwanza halijaanguka, inatoa majani mapya. Nayo si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama waridi. Msitu mzima juu ni mwekundu na chini ni mweusi. Inadumu wiki chache tu, kisha majani yanakuwa kijani kama kawaida. Msitu wa namna hii unaanzia Angola unapita Zambia na kusini ya Kongo mpaka huku kwetu, kwa hiyo wazee wetu wa Katanga wanaufahamu vizuri.

Sasa fikiria: msitu mwekundu, na sisi tumebeba filamu isiyojua rangi. Kijana mmoja alikasirika kweli. "Tumetembea bure, papa." Mzee akakaa juu ya gogo akatufundisha.

Filamu hii inaona rangi zote, alisema, lakini inazigeuza kuwa kijivu. Jani jekundu na jani la kijani, kama yana mwanga sawa, yanatoka kijivu kilekile. Mbingu ya bluu inatoka nyeupe. Kwa hiyo mpiga picha ya nyeusi na nyeupe anaacha kuangalia rangi, anaangalia mwanga umeanguka wapi. Ukitaka kumdanganya filamu, unaweka kioo cha rangi mbele ya lenzi. Kioo cha njano kinatia giza kidogo mbinguni. Kioo chekundu kinapitisha wekundu na kuzuia kijani na bluu, basi majani mekundu yanang'aa, mbingu inakuwa nyeusi. Lakini kinakula mwanga, lazima ufungue lenzi hatua tatu zaidi.

Kioo hatukuwa nacho. Dada yake mama alikuwa na pakiti ya biskuti yenye karatasi nyekundu inayopitisha mwanga. Tuliikata, tukaifunga kwenye lenzi kwa mpira wa kufungia pesa. Mzee hakufurahi, maana karatasi ile ilikuwa na mikunjo. Tulipiga hivyo picha nne.

Betri ya kamera ilikufa zamani, lakini K1000 haihitaji betri ila kwa kupima mwanga. Shata yake inafanya kazi kwa springi. Mwanga mzee aliupima kwa macho. Kanuni yake ni ya zamani: jua kali bila mawingu, weka lenzi kwenye 16 na kasi iwe karibu na namba ya filamu. Kwa filamu ya 400, kasi ni 500. Ukiingia kivulini, fungua: 8, au 5.6, na kasi ishuke 125. Shida ya miombo wakati wa kiangazi ni kwamba hakuna kivuli wala jua, kuna madoadoa. Tawi moja linawaka, la pili giza. Mzee alisema ukibabaika, pima kwa upande wa giza, filamu hii inasamehe mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

Tulipiga magome ya mninga. Tulipiga mzinga wa nyuki wa gome uliotundikwa juu, kwa mbali, kwani una mwenyewe na nyuki nao wana yao. Tulipiga majani mekundu dhidi ya jua, yakawa kama taa. Kwa simu mtu angepiga mia. Sisi tulizunguka mti mmoja karibu dakika kumi ndipo mzee akabonyeza mara moja. Vijana walichoka, halafu wakaacha kuchoka, wakaanza nao kuzunguka.

Mti wa mama tuliufikia saa mbili na nusu. Ni mbura, wale wenye matunda ya ngozi ya kijivu ambayo watoto hula. Mbura haudondoshi majani yote, kwa hiyo katikati ya wekundu ule wenyewe ulisimama umejaa, na kivuli chake kizima. Tukamwambia mama asimame chini yake. Alikataa. Tukamwambia tena, mzee naye akamwomba. "Mimi nitakuwa huko nami mwenyewe," alisema. "Nipigieni mti." Lakini akatoa ngata yake ya kubebea kuni, aliyokuja nayo kwa mazoea ingawa siku hiyo hatukubeba kuni, akaiweka kwenye shina mahali anapokaa siku zote. Mzee akapiga mara mbili, namba 17 na namba 18, ya pili akiongeza mwanga.

Sasa aibu yetu. Baada ya picha ya 21 mmoja wa vijana, ambaye hajawahi kushika kamera ya filamu, alitaka kuona kama picha zimetoka. Akavuta kile kitufe cha juu, mgongo wa kamera ukafunguka. Aliufunga hapohapo, lakini tuliuona mkanda ule, rangi yake ya kijivu, jua likiupiga. Mzee hakusema kitu. Alichukua kamera, akatembea hatua chache, akageuka akasema tuendelee, zimebaki kumi na tano. Kijana alilia. Mama wa mti ndiye aliyempa maji.

Tulimaliza saa nne jua likiwa tayari kali, na picha za mwisho zinaonyesha: mbingu nyeupe kama karatasi, chini peusi tititi. Mzee alikuwa sahihi kuhusu asubuhi.

Kusafisha kulifanyika usiku, ndani ya nyumba ya mzee, mablanketi kwenye dirisha na mlango, taa ya jirani imezimwa kwa kuombwa. Dawa yake inataka nyuzi 20. Maji ya jerikeni yetu hayajui nyuzi 20. Tuliyaweka kwenye mtungi wa udongo tangu jana yake, yakashuka mpaka 24, na kwa joto hilo muda unapunguzwa: badala ya dakika 7 na nusu, tulifanya 5 na kidogo. Halafu maji matupu, halafu haipo dakika tano. Wengi walituuliza kama tulimwaga ndoo ngapi kuosha. Hapana. Kuna njia ya Ilford wenyewe: jaza tangi, geuza mara 5, mwaga, jaza, geuza mara 10, mwaga, jaza, geuza mara 20, mwaga. Imetosha. Kwa foleni zetu za bomba tuliona hao Waingereza wametufikiria. Haipo iliyotumika ina madini ya fedha, hatukuimwaga karibu na maji wala bustani, ipo kwenye dumu lenye kifuniko mpaka tupate pa kuipeleka.

Filamu ilipotundikwa tulihesabu. Namba 19, 20 na 21 zilikuwa zimeungua kabisa. Namba 18 nusu. Namba 17, mti wa mama, ilipona, ila upande mmoja mwanga uliingia pembeni, kama moshi mweupe unaopanda kando ya shina. Ngata inaonekana. Mpaka msuko wa kitambaa unaonekana.

Kuhusu filamu yenyewe, hukumu yetu ni hii. Magome ya miti inayapenda, kila ufa umetoka. Chembechembe zake zinaonekana lakini haziudhi. Majani mekundu bila karatasi ya biskuti yamekuwa kijivu tu, huwezi kujua kuwa msitu ulikuwa unawaka siku ile. Zile nne za biskuti hazina ukali, mikunjo imezitia ukungu, lakini majani yametoka meupe kama maua na mbingu ni nyeusi, na hizo ndizo watoto walizigombania. Mzee bado anasema si picha hizo. Sisi tumegawanyika.

Tuliweka negativu kwenye kioo cha dirisha, tukazipiga kwa simu na kuzigeuza rangi, kisha zikachapwa Kasulu mtu alipopata kibali cha kwenda. Ndiyo sababu ya kuchelewa.

Mama alipata picha yake mwezi wa kumi na mbili. Aliiweka ndani ya bahasha ya makaratasi ya safari. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa, ya kwao ikiwemo. Walikuwa wameshauza kabati na vitanda. Tulipokwenda kuwapa pole tulikaa kwenye mkeka. Picha ilikuwa imetolewa kwenye bahasha, imebandikwa ukutani kwa gamu, upande ule wenye moshi ukielekea mlango.

Alituuliza kama filamu nyingine itakuja. Tukamwambia kijana wa mzee ameahidi. "Basi mkienda tena mniite," alisema, "na safari hii niwe ndani."