Kufuata Alama Nairobi

Barua ilinifikia Mombasa mwanzoni mwa Julai 2019. Ilisema wastani wangu wa shahada ya uzamili umeshuka chini ya 50, kwa hiyo nimewekwa chini ya uangalizi wa kitaaluma na sitaruhusiwa kuanza tasnifu. Nilipoitazama karatasi ya matokeo nikaona somo la mbinu za utafiti halina alama yoyote. Palikuwa patupu, na patupu pale pamehesabiwa sifuri. Mtihani ule niliufanya. Nilikaa karibu na dirisha nikaandika mpaka msimamizi aliposema kalamu chini. Kampasi yetu ya pwani ikanijibu kwamba faili zote ziko makao makuu, Nairobi. Basi nikafunga safari kwenda mji niliokuwa nikiujua kwa taarifa ya habari tu.

Shangazi alinisindikiza mpaka Miritini. Wasia wake ulikuwa mmoja: "Ukifika, mtafute mtu." Kwetu jambo la ofisini huanza hivyo, unamtafuta anayemjua anayemjua mwenye kalamu, ukaenda naye, mkasalimiana, shida yako ikatajwa mwisho. Nilikuwa na jina la mtu mmoja kwenye simu.

Treni ya saa tisa alasiri, tiketi shilingi 1,000. Baada ya Mariakani minazi ikatoweka, nchi ikawa ya miiba, na Tsavo nikawaona ndovu kwa macho yangu kwa mara ya kwanza, wekundu kwa udongo wa kule. Abiria wote upande wa kulia walisimama. Tulifika Syokimau usiku, na mlango ulipofunguliwa baridi ikaniingia mpaka mifupani. Nilikuwa nimesikia kwamba Julai ya Nairobi ni baridi, lakini sikudhani Kenya ina mahali ambapo mtu akisema moshi humtoka kinywani. Tukaingia treni nyingine ndogo hadi katikati ya mji, ambako binamu yangu alikuwa akinisubiri na koti mkononi.

Anakaa Kangemi, magharibi ya mji. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mabati, na kando ya Waiyaki Way watu walikuwa wakitembea kwa miguu kuelekea kazini, mamia kwa mamia, kimya, mikono mifukoni, kana kwamba mkutano mkubwa umevunjika mahali fulani. Mimi nilipanda matatu namba 23. Muziki ulitikisa kiti. Nikatoa salamu kama tunavyofanya kwetu, wawili wakageuka kunitazama, mmoja akatabasamu. Kondakta akaniuliza, "Tao, auntie?" Nikasema ndiyo, tao.

Ofisi ya chuo ilikuwa ghorofani katikati ya mji, na foleni ilishuka mpaka kwenye ngazi. Nilipofika dirishani nikaanza: hujambo, habari za asubuhi, poleni na kazi. Kijana wa nyuma ya kioo akasema, "Nambari ya usajili?" Kwa malezi yangu huo ni ukavu wa kuumiza. Lakini kijana huyo huyo alifungua mafaili yangu moja baada ya jingine bila kuharakishwa na foleni, kisha akaniambia neno ambalo pwani hakuna aliyeniambia: "Hujafeli, mama. Alama yako haijafika. Hayo ni mambo mawili."

Akanielekeza idarani. Huko nikaambiwa mwalimu wa somo alikuwa wa muda, mkataba wake umeisha, na simu yake haipokelewi. Hii ni hadithi ya vyuo vingi vya Kenya: walimu wa muda wanalipwa kwa kuchelewa, miezi inapita, alama zinabaki mikononi mwao, na mwanafunzi ndiye anayeandikiwa barua. Nilishuka ngazi nimekasirika. Nikampigia yule mtu wa kwenye simu. Alikuwa amehamia Eldoret.

Jioni binamu alisikiliza yote, akauliza, "Umeandika barua?" Nikamwambia nimekwenda mwenyewe, ya nini barua tena? Akatikisa kichwa. Kesho yake tukashuka pamoja Westlands, kwenye jengo la West End Towers, ofisi za Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Hapakuwa na malipo. Ofisa aliyetupokea alinisomea kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010: mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Chuo kikuu cha umma kimo humo. Kisha akanieleza Sheria ya Kupata Habari ya 2016: niombe rekodi zangu chuoni kwa barua, nao wana siku 21 za kunijibu. Wakinyamaza, nirudi kwake.

Nikamuuliza kama wangeweza kunisahihishia mtihani upya. Akasema hapana, na hata mahakama kwa kawaida hazifanyi hivyo. Mwalimu akikupa 43 nawe unaona unastahili 60, hilo ni la watahini, na ombi la kusahihishwa upya lina njia yake chuoni. Tume huangalia kama utaratibu umefuatwa. Nilipenda uwazi huo. Alinieleza pia njia ambayo alama hupita, jambo ambalo muda wote wa masomo sikuwahi kuelezwa: alama ni kama gunia la tende forodhani, kila mkono unaolipokea hutia saini. Mwalimu huijaza kwenye karatasi ya alama, mtahini wa nje hupitia, bodi ya watahini ya idara hukaa, kitivo hupokea, na mpaka Seneti iidhinishe, alama zote ni za muda.

Barua niliiandika usiku ule kwa mkono na kuichapisha asubuhi kwenye duka la saiba. Safari hii sikuanza na habari za asubuhi. Niliweka nakala mbili dirishani, nikaomba mhuri wa kupokelewa. Yule kijana akaisoma, akanyanyuka, akaenda kumwita mama mmoja wa masjala, wa makamo, mwenye sweta mbili na miwani shingoni.

"Njoo huku, binti yangu," akasema. Huyo alinisalimu.

Alitoa rejista ya mahudhurio ya mtihani, kurasa ndefu zilizotobolewa na kufungwa kwa uzi wa kijani. Kila mtahiniwa hutia saini mbele ya nambari ya kijitabu chake cha majibu. Kidole chake kikashuka polepole, kikasimama. Saini yangu ilikuwa pale kwa wino wa buluu, mkia wa herufi ya mwisho umevuka mstari kama ninavyouvusha siku zote. Akaandika nambari ile kwenye kiganja chake, akaingia chumba cha ndani, akakaa sana. Alirudi na fungu la vijitabu vya darasa la jioni la mjini. Changu kilikuwa katikati yao, kimesahihishwa, na alama yake haikuwa mbaya. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie.

Hakunipa alama ile mkononi. Alinieleza kwamba fomu ya marekebisho itakwenda idarani, kisha kwa bodi, kisha Seneti, na barua ya uangalizi itaondolewa huko huko ilikotoka. Nilimshukuru kwa shikamoo, akaiitikia vizuri kabisa.

Katika fungu lile niliona pia vijitabu vingine vyenye msimbo wa kampasi yetu. Nikamwomba majina, akakataa: rekodi ya mtu ni ya mwenyewe. Kwa hiyo nilipofika Moi Avenue nikasimama kando ya ukuta, nikalipigia darasa langu simu mmoja mmoja: andika barua, taja somo na tarehe ya mtihani, omba rejista ya mahudhurio, na usiondoke dirishani bila mhuri.