Jukwaa la Waashi na Ruhusa ya Kupanda

Shule au kanisa likijengwa huku Masisi, jukwaa la waashi husimamishwa kwa miti ya mkaratusi. Kule Walikale msitu hutoa miti ya kila namna. Hatuna neno juu ya miti. Mti mzima, usio na ufa wala mchwa, uliokitwa vema na kufungwa kwenye ukuta, hubeba watu. Shaka yetu ni hii: nani atoaye ruhusa ya kupanda?

Wengi hujibu kwamba barua ya kujenga imekwisha kupigwa muhuri. Lakini barua ile yahusu kiwanja na nyumba. Haijui kwamba usiku mvua imenyesha na mguu mmoja wa jukwaa umezama.

Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1937 uliliona jambo hili. Uliagiza, hadi ulipofutwa mwaka 2024, jukwaa lisijengwe wala lisibomolewe pasipo msimamizi ajuaye kazi. Lisilemewe na mizigo. Likaguliwe mara kwa mara. Tena, na hapa twaomba msomaji atue kidogo, mwajiri hakuwa na budi ila kulihakikisha kabla ya kuwapandisha watu wake, hata kama lilijengwa na wengine. Mkataba wa mwaka 1988 wampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa, amwarifu msimamizi wake mara moja.

Basi, siku ya salongo mwajiri ni nani? Wazazi wamekuja bure, wanafunzi wabeba matofali, mshahara hakuna. Sisi walimu twajibu: ni yule aliyewaita, awe mwalimu mkuu, halmashauri ya wazazi, au kapita aliyegawa kazi. Mkaguzi wa serikali asitazamiwe, hasa tangu vita vilipofika mji wa Masisi Januari 2025 na mji wa Walikale Machi.

Kwa hiyo twapenda fundi mmoja atajwe kwa jina. Kila asubuhi, na baada ya kila mvua, atikise nguzo, atazame vifungo, mbao na kizuizi cha ukingoni, kisha aandike tarehe na jina lake katika daftari. Alipwe siku yake hata akizuia kazi, maana mwenye njaa huona kila jukwaa ni imara. Pasipo saini yake asipande mtu, hata padre. Nao wanafunzi wapange matofali mbali na ukuta, wasipite chini ya jukwaa.