Kitufe cha Spoti na Kilomita Elfu za Mwanzo



Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tumelijua gari likiwa tayari mtu mzima. Liliposhuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam lilikuwa limeshatembea miaka kadhaa huko Japani, na swali letu lilikuwa kama injini bado ni nzima. Hakuna aliyeuliza injini mpya huzoeshwaje, kwa sababu mpya hatukuwa nayo. Basi mtu anaponunua gari jipya la kwanza maishani mwake hapa Ubelgiji, hana mzee nyumbani wa kumpigia simu. Na kwa kuwa hapa Etterbeek inajulikana kwamba tulisomea uhandisi wa mitambo, maswali hayo huletwa kwetu, aghalabu Jumapili, kabla chai haijapoa.

La karibuni lilitoka kwa kijana aliyechukua mkopo wa miaka mitano. Gari lake lina kitufe cha spoti. Muuzaji alimwambia abonyeze bila wasiwasi. Shemeji yake akamwambia kitufe hicho kitaiua injini ambayo haijamaliza hata wiki. "Mzee," alituambia, "deni ni langu peke yangu. Nimsikilize nani?"

Tuanze na kitufe chenyewe. Wengi hudhani kinaongeza nguvu za farasi. Katika magari mengi ya kawaida hakiongezi hata moja. Kinachobadilika ni jinsi kompyuta ya gari inavyolielewa guu la dereva: ukikanyaga mafuta kidogo, injini hujibu kama umekanyaga zaidi. Giaboksi ya otomatiki huchelewa kupandisha gia na huwahi kushusha. Usukani huwa mzito kidogo, na gari likiwa na shokapu zinazorekebishika, nazo hukazwa. Matokeo yake, kwa mwendo ule ule wa barabarani, injini huzunguka haraka zaidi.

Sasa tuiangalie injini mpya. Ukuta wa silinda hautoki kiwandani ukiwa laini kama kioo. Kwa makusudi huchongwa mistari myembamba sana inayokatana, ili ishike oili. Ringi za pistoni hupita juu ya mistari hiyo mara maelfu kwa maelfu, zikisaga vilele vyake, mpaka ringi na ukuta vikubaliane. Vikikubaliana, gesi ya moto haivuji kwenda chini na oili haipandi kwenda kuungua juu. Visipokubaliana, injini itakula oili na kutoa moshi wa bluu miaka mingi baadaye, na fundi hataijua sababu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa silinda maji hayo hukauka mapema.

Muuzaji na shemeji, kila mmoja ana nusu ya ukweli. Kinachozisukuma ringi ukutani ni hasa mgandamizo wa gesi inayoungua. Injini ikibembelezwa mno, mgandamizo huwa mdogo, na ukuta unaweza kung'aa kabla ringi hazijakaa. Lakini ikikanyagwa hadi mwisho, tena ikiwa baridi, joto la msuguano hukusanyika kwenye vilele vile na chuma huanza kukwaruza chuma. Kinachotakiwa ni mzigo wa wastani, unaopanda na kushuka, oili ikiwa imeshapata moto.

Vitabu vya magari haviko mbali na hapo. Toyota, katika vitabu vyake vingi, inasema kwa kilomita 1,000 za mwanzo usiende kasi sana, usiongeze mwendo ghafla, usikae muda mrefu katika gia ndogo, wala usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. BMW, kwa magari yake mengi ya petroli, inataka mpaka kilomita 2,000 usipite mizunguko 4,500 kwa dakika wala kilomita 160 kwa saa, na usikanyage mafuta mpaka chini. Yote hayo yanahusu mizunguko, mzigo na guu la dereva.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana lilitegemea atakuwa wapi. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kilomita 30 kwa saa ndiyo kanuni ya jumla katika mitaa ya Brussels. Kati ya La Chasse na Montgomery, gari otomatiki katika hali ya kawaida hukimbilia gia kubwa ili kuokoa mafuta, na injini husukuma mzigo kwa mizunguko michache, kama punda anayepandishwa mlima bila kupumzishwa. Hapo kitufe cha spoti, kikiambatana na guu jepesi, hakina dhambi. Lakini ukishinda nacho kutwa, taa hadi taa, unakaa katika gia ndogo, jambo ambalo kitabu kimelikataza. Na ukikibonyeza asubuhi ya Januari mara tu unapowasha gari, unaifanyia injini jambo baya kuliko yote. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta, hivyo mshale wa joto ukifika katikati, bado subiri.

Tulimshauri aache barabara kuu ya E411, ambako atashikilia 120 moja kwa moja. Aifuate Chaussée de Wavre inayopita hapa kwetu Etterbeek, kisha N4 mpaka Namur. Njia hiyo ina mizunguko ya magari, vijiji, na vilima vya bonde la mto Meuse. Apande kwa nusu ya mafuta, ateremke akiwa ameachia guu, na arudie. Asisahau kwamba matairi mapya huteleza na pedi mpya za breki hazijashika vizuri. Kitufe kinachokutia hamu ya kukimbia kabla hivyo havijazoea kina hatari kwa mtu kabla ya kuwa na hatari kwa injini, hasa kwa mvua za hapa.

Mezani alikuwepo rafiki mwingine aliyetucheka. Gari lake ni la kampuni, kama yalivyo zaidi ya nusu ya magari mapya yanayoandikishwa nchini humu. "Baada ya miaka minne ninalirudisha," alisema. "Mimi ninabonyeza tu."

Tukamuuliza: likirudishwa, linakwenda wapi? Kwa miongo kadhaa mtaa wa Heyvaert, kule Anderlecht na Molenbeek, umejulikana kwa biashara ya magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika kupitia bandari ya Antwerp. Kenya na Tanzania usukani ni wa kulia, lakini Kongo na Burundi wanaendesha upande ule ule kama hapa. Huenda mwenye gari wa tatu akawa mtu wa Bukavu au Uvira, aliyeuza kiwanja ili alifanye teksi. Ataambiwa limetunzwa Ulaya. Kila wiki ataongeza oili, na hatajua kwamba hasara yake ilianzia Etterbeek, kwa mtu aliyeona gari si lake.

Rafiki yetu alikoroga chai yake kwa muda. "Huyo wa Uvira," alisema, "mimi nina binamu pale." Kisha akamwomba kijana amwoneshe njia ya Namur kwenye simu.

Wenye magari mapya, kitabu kiko ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kisomeni kabla ya kubonyeza chochote.