Kabla Ulaumu Kijana wa Atachimenti, Kagua Akiba

Wasee, kuna tabia moja kwenye timu za programu inaniudhi sana. Seva ikishindwa kujenga apu, lawama zote zinaenda kwa mtu wa mwisho kugusa msimbo. Mara nyingi huyo ni kijana aliyekuja juzi kwa atachimenti, na hana sauti.

Lakini seva haivuti msimbo wote upya kila saa. Inaweka nakala kwenye diski, yaani akiba, ili iokoe muda na intaneti. Sasa stima ipotee ikiwa katikati ya kuandika, ama diski ijae, nakala inaweza kuharibika. Nimeona vijana wakikesha wakitafuta kosa ambalo halipo.

Kujua si ngumu. Kwa kawaida Git hukipa kila kipande inachohifadhi jina la herufi na nambari 40, linalotokana na yaliyomo. Yakibadilika hata kidogo, jina halilingani tena. Amri ya git fsck hukagua yote na kukuonyesha kilichoharibika au kupotea.

Ikipata shida, usianze kushona viraka. Vuta nakala mpya pembeni, ikifika salama ndio ufute ile mbovu. Ukifuta kwanza halafu mtandao uzime, umebaki mikono mitupu. Kisha jenga tena, mara moja tu. Ikikataa hata na nakala safi, sawa, sasa angalia msimbo wa kijana.

Akiba ni nakala tu, inatupwa na kuvutwa upya. Jina la mtu likishachafuliwa kazini, utalivuta wapi?